Kompyuta Kuukuu si Takataka

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii ni onyo, lakini wako waungwana waifanyao kuwa sheria. Kikiletwa kitu kipya, hukipigia makofi kabla ya kujua kazi yake. Na kilicho kuukuu hukitupa kabla ya kukipima. Nataka kubishana na waungwana hao juu ya jambo moja tu, nalo ni kompyuta kuukuu za shule zetu.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika shule moja ya kutwa upande wa Bungoma. Nyuma ya ofisi palikuwa na chumba chenye makufuli mawili, na ndani yake mlikuwa na kompyuta 12 zilizofunikwa magunia. Nilipouliza habari zake, niliambiwa kuwa zimekufa. Siku zile zile wazazi waliitwa mkutanoni wachange fedha za kununua mpya. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba mahindi yake yangali mabichi shambani, naye hajui auze nini. Maneno yake yalinichoma moyo, kwa sababu mashine nyingi katika zile hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimelemewa.

Kufa ni jambo moja, na kulemewa ni jingine. Kumbukumbu ya kompyuta ni mfano wa meza ya mwanafunzi, na diski ni mfano wa ghala la vitabu. Kazi hufanyika mezani. Meza ikijaa, mashine haina budi kupeleka vitu ghalani na kuvirudisha kila vitakiwapo, na safari hizo ndizo ziifanyazo ikokote miguu. Mifumo mikubwa ya kisasa huijaza meza hata kabla mwanafunzi hajafungua daftari lake. Windows 11, kwa mfano, yataka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4. Mashine zetu zilikuwa na gigabaiti 1. Punda akishindwa kuvuta shehena ya lori, je, kosa ni la punda?

Dawa ipo, wala si ya jana. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, mabingwa wa maabara ya Bell huko Marekani, walianza kuunda mfumo ulioitwa Unix. Mashine waliyoanzia ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno kuliko ya simu ya mkononi ya leo, na uhaba huo uliwafundisha kuandika programu fupi fupi, kila moja na kazi yake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland, aliandika kiini cha mfumo wa namna hiyo, kikaitwa Linux. Mifumo mingi iliyojengwa juu ya kiini hicho hutolewa bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuinakili na kumpa jirani yake.

Basi nilinakili mmoja ulio mwepesi katika flashi, nikaomba ufunguo. Wanafunzi watatu walinisaidia. Kati ya kompyuta 12, tisa ziliamka. Tatu zilikuwa zimekufa kweli. Tulizivua vibao vya kumbukumbu, tukawaongezea wenzao walio hai.

Wapinzani wangu hawakukosa maneno. Wa kwanza walisema kwamba ulimwengu watumia programu za kampuni kubwa, kwa hiyo nyingine zitawapotosha watoto. Nawajibu kwamba kuandika barua, kupanga hesabu katika jedwali na kutunga programu ni maarifa, si nembo. LibreOffice hufanya kazi mbili za kwanza bila malipo. Na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Ni kampuni gani ingetuzuia kufanya kama hayo?

Wa pili walisema kwamba hatuna mafundi. Baadaye nilihamishiwa Kitale, na huko niliyakuta maneno yale yale. Lakini tembea kwa mafundi wa jua kali katika mji huo uone. Baiskeli hubadilishwa mnyororo, jembe hutiwa mpini mpya, wala hakuna mkulima atupaye jembe kwa sababu mpini umevunjika. Watu wenye mikono kama hiyo washindwe na bisibisi na flashi?

Wa tatu walisema kwamba twawapa watoto wa maskini makapi. Hoja hii ni nzito, nami naiheshimu. Mfadhili akileta mizoga ili apunguze taka zake, arudishiwe. Tena sidai muujiza: mashine ya gigabaiti 1 itataabika na kurasa nzito za intaneti, na mifumo mingine imekwisha kuziacha zile kongwe kabisa, kama Debian ilivyofanya katika toleo lake la 13 mwaka 2025. Lakini aibu haimo katika mashine kuukuu ifanyayo kazi. Aibu imo katika chumba kilichofungwa, na mtoto amalizaye kidato cha nne bila kugusa kibodi.

Jambo hili halingoji. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima haziwezi kupokea Windows 11. Nyingi zitafunikwa magunia, zikiitwa maiti.

Wanafunzi wapenzi, msikubali kilio kabla ya kushika mkono wa mgonjwa. Ulizeni kwa adabu chumba kile kina nini, ombeni ufunguo, na mpime kila mashine. Zilizokufa zizikwe inavyopasa. Zilizolemewa zipunguziwe mzigo. Usiache mbachao kwa msala upitao.