Mjumbe na Waliomtuma

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema asiulizwe alichokinena huko alikotumwa.

Mwaka 1944 Bwana Eliud Mathu aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, Mwafrika wa kwanza kuketi humo. Aliyemteua ni Gavana. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika waliwachagua wajumbe wanane. Lakini kura ilitolewa kwa kipimo cha elimu, mali na kazi, hata mtu mmoja akaweza kuwa na kura tatu na jirani yake asiwe na hata moja.

Siku hizi kila mtu mzima aliyejiandikisha ana kura yake moja. Je, yatosha? Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliukubali Mswada wa Fedha, 106 wakaukataa, hali vijana wamejaa barabarani wakiupinga. Watu waliuawa siku hiyo. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Basi, ni nani aliyenena kwa niaba ya raia?

Katiba ya 2010 yaagiza, katika kifungu cha 118, Bunge liwashirikishe raia katika kazi yake; na kifungu cha 104 chawapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha. Lakini haki isiyotumika ni jembe lililoachwa darini.

Mbunge wako arudipo nyumbani, ndugu msomaji, usimwulize amekuletea nini. Mwulize alipiga kura gani, na kwa sababu gani.