Zana Yako Inaacha Nini Baharini?

Mvuvi husifiwa kwa samaki anaowaleta pwani. Mimi nasema tumwulize pia: Umeacha nini baharini?

Baruti huua samaki wakubwa na wadogo. Tena huvunja matumbawe, na matumbawe ni nyumba ya samaki. Nyumba hiyo ikivunjika, huchukua miaka mingi kujengeka tena. Ndiyo maana sheria ya Tanzania ilipiga marufuku baruti tangu mwaka 1970.

Juya nalo hukwangua chini ya bahari. Hung'oa majani ambamo samaki wadogo hukulia. Macho yake madogo hayabagui.

Mshipi huvua samaki mmoja mmoja. Dema humweka samaki hai. Akiwa mchanga, unaweza kumrudisha majini. Lakini dema lenye macho madogo, au lililowekwa juu ya matumbawe, nalo huharibu. Na wavu wa nailoni ukipotea hauozi upesi. Huendelea kunasa samaki wasioliwa na mtu.

Wapo watakaosema: "Watoto wangu wana njaa leo. Mshipi utanipa nini?" Neno hilo ni la kweli. Mtu akiacha juya peke yake, atapata hasara, na jirani yake atavua. Kwa hiyo tuache pamoja, kijiji kizima. Tuchangiane kununua nyavu za macho makubwa.

Bahari ni shamba letu. Mkulima mwenye busara hatwangi mbegu zake zote.