Maoni Yetu: Bei Tatu za Paa Moja

Mwenye nyumba akiita mafundi watatu waje kutazama paa linalovuja, atapewa bei tatu, na ya juu inaweza kuizidi ya chini mara kumi. Anachofanya baada ya hapo ndicho kilichotusukuma kuandika. Ya juu anaitupa akisema yule ni mwizi. Ya chini anaiogopa. Anampigia simu fundi wa katikati, anamwomba apunguze kidogo, wanapatana. Oktoba ikifika na mvua za vuli zikaanza, sufuria zinarudi sebuleni kukinga maji.

Tunasema wazi kwamba hapo hakulinganisha kitu. Alikuwa na namba tatu za kazi tatu tofauti.

Tuseme ni nyumba ya vyumba vitatu, Mbagala au Kibaha, yenye mabati yaliyokaa miaka 15. Fundi wa kwanza ametaja laki mbili na nusu, wa pili milioni moja na laki mbili, wa tatu milioni tatu. Waulize watafanya nini. Wa kwanza atapanda na kopo la lami, azibe matundu anayoyaona, ashuke. Wa pili atang'oa misumari iliyolegea, afunge skrubu zenye raba, abadilishe kofia ya juu pamoja na mabati manne au matano yaliyooza. Wa tatu ameingia darini akakuta kenchi za upande wa jikoni zimeliwa na mchwa. Anataka kufumua upande huo wote, aweke mbao zilizotiwa dawa na mabati mapya. Huenda wote watatu ni waaminifu. Huenda hata yule wa laki mbili na nusu ndiye aliye sahihi, ikiwa tundu ni moja na mbao ni nzima. Mwenye nyumba hawezi kujua, kwa sababu hakuna aliyeandika chochote, na bei mbili kati ya hizo alipewa kwa simu fundi akiwa tayari kwenye bodaboda.

Ushauri wetu ni kwamba karatasi ya kazi iandikwe na mwenye nyumba, na iandikwe kabla ya kuuliza bei. Si kazi ya kihandisi. Ingia darini saa sita mchana jua likiwa kali, uzime tochi kwa muda: tundu lililo wazi litajionyesha lenyewe. Kisha washa tochi utafute madoa kwenye mbao. Usidanganywe na doa la kwenye siling bodi, maana maji huingia juu, yakafuata mbao kwenda chini, yakadondoka mita mbili au tatu mbali na yalikoingilia. Fuata doa kuelekea juu. Angalia chini ya kofia, kwenye bonde ambapo pande mbili za paa zinakutana, na pale bati linapogusa ukuta. Uvujaji hupenda sehemu hizo kuliko katikati ya bati. Chomeka bisibisi kwenye mbao. Ikizama bila kusukumwa, usimruhusu fundi yeyote apigilie bati jipya hapo. Kama magoti hayakuruhusu kupanda, mtume kijana wa nyumbani na simu apige picha, akanyage kwenye mbao tu na si kwenye siling bodi.

Wale wenye mapaa ya kujificha nyuma ya ukuta, ambayo siku hizi kila anayejenga anayataka, wana shida ya ziada. Mteremko ni mdogo na gata iko ndani ya nyumba. Majani machache tu yakiziba bomba la kushushia, maji yanapanda na kuingia chini ya bati. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuvuja bila bati hata moja kuwa na tundu, na mwenyewe akauziwa mabati mapya wakati alichohitaji ni kusafisha gata na kuongeza bomba.

Ukishaona, andika: mabati mangapi na ya urefu gani, geji, mita ngapi za kofia, misumari au skrubu, mbao za inchi ngapi kwa ngapi, nani anabeba vifaa, nani anaondoa mabati chakavu, siku ngapi. Mpe kila fundi karatasi ileile. Fundi anayeona umekosea aandike pendekezo lake chini, pamoja na bei yake, asilichanganye na lile uliloomba. Huyo anayekukosoa kwa maandishi mtazame vizuri, kwa sababu huenda ndiye pekee aliyepanda juu.

Kwenye mabati ndiko wengi wanakopigwa. Geji inahesabiwa kinyume: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Fundi anayeandika "bati la msauzi" bila geji ameacha mlango wazi. Hata geji peke yake haitoshi, kwa kuwa unene halisi wa mabati yanayouzwa kwa geji moja unaweza kutofautiana kati ya muuzaji na muuzaji. Dai unene kwa milimita, na kabla ya rangi. Kwa mabati yaliyopakwa aluminiamu na zinki uliza pia kiasi cha tabaka la kukinga kutu. AZ 150 maana yake ni gramu 150 kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. AZ 70 haifiki nusu ya hapo. Kwa mtu wa Kigamboni, Tanga au Unguja, ambako upepo wa bahari unakuja na chumvi, tofauti hiyo inazidi uzuri wa rangi.

Upana nao una hesabu zake. Bati likilazwa juu ya mwenzake linapoteza sehemu ya upana kwenye mlalio. Anayehesabu upana mzima wa bati atataja mabati machache na bei ya kuvutia, halafu siku ya pili ya kazi, paa likiwa wazi na mawingu yamekusanyika, atakuja kusema vifaa vimepungua. Wakati huo huna nguvu ya kupatana naye. Kwa hiyo uliza kila fundi amehesabu upana unaofunika au upana wa dukani.

Halafu kuna ufundi na vifaa. Fundi anayesema ufundi wake ni laki moja tu, vifaa atakununulia yeye, huenda anategemea cha juu kutoka hadweani. Anayekwambia ununue mwenyewe atataja ufundi mkubwa zaidi, kwa kuwa hana pa kupata kingine. Ukilinganisha ufundi kwa ufundi utamkimbia wa pili bure. Linganisha jumla, na vifaa nunua wewe, pamoja na fundi, kwa risiti ya EFD yenye jina lako. Na ikiwa mmoja wa watatu ni kampuni, soma mstari wa mwisho wa makadirio: "bei haijajumuisha VAT". Kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara cha asilimia 18, milioni tatu hapo inageuka 3,540,000.

Sasa tuwasemee mafundi. Ni vibaya kumtoa mtu Gongo la Mboto mpaka Tegeta kwa nauli yake, apande juu ya paa la moto, apime, aandike, kisha umwonyeshe fundi mwingine karatasi yake ili ashushe bei. Wanajua mchezo huo, na ndiyo maana wengi hutazama paa wakiwa wamesimama uwanjani. Mlipe fundi nauli na kitu kidogo cha ukaguzi, umwambie tangu mwanzo kwamba unaita na wengine. Tena bei ya juu inaweza kuwa na kamba, ngazi madhubuti na msaidizi wa kuishikilia. Hayo ni gharama. Fundi akianguka kutoka kwenye paa lako nawe hukuandika nani atalipa hospitali, na yeye hana bima yoyote, wote wawili mnaingia kwenye matatizo.

Kuna paa moja ambalo bei ya chini haifai kusikilizwa kabisa: la asbesto, ambalo bado liko kwenye baadhi ya nyumba za zamani. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, na hatari ni vumbi lake. Anayesema atalikata kwa msumeno au kulivunja kwa nyundo ili aweke bati jipya, mzuie, na uwaulize wataalamu wa afya na mazingira wa halmashauri yako kwanza.

Kuhusu malipo hatuna maneno mengi. Ukinunua vifaa mwenyewe, hakuna sababu ya kutoa malipo makubwa ya awali ya ufundi. Gawa ufundi mara tatu, na fungu la mwisho libaki mkononi mwako mpaka paa lipigwe maji. Kiangazi tumia mpira wa bomba: anza chini, panda taratibu kuelekea kwenye kofia, mtu mwingine akiwa darini na tochi. Fundi anayejiamini hatakataa. Tarehe, bei na sehemu hizo tatu ziandikwe, mtie saini mbele ya shahidi. Kazi ikiharibika, karatasi hiyo ndiyo mtakayoizungumzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na ndiyo utakayokwenda nayo mahakamani.

Mzigo huu wote usiachwe kwa mwenye nyumba peke yake. VETA, ambayo tayari inawapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, iwafundishe pia kuandika makadirio ya ukurasa mmoja, na iwape fomu yake kwa Kiswahili. Shirika la Viwango, TBS, lisimamie kwa ukali unene wa milimita uchapishwe kwenye kila bati na kuandikwa kwenye risiti, ili geji isibaki neno la muuzaji. Nawe unayesoma huku umekinga sufuria, usiseme utasubiri msimu upite. Mvua zikianza tena kila mtu anataka fundi siku hiyohiyo, na bei utakayopewa itakuwa moja tu.