Haki ya Mwanamke Ianzie Ofisi ya Kijiji

Kila ifikapo Machi 8 halmashauri zetu hupendeza. Vitenge vya sare hushonwa, gari la matangazo huzunguka, ngoma hulia, na mgeni rasmi hukabidhi cherehani mbili tatu kwa kikundi cha akina mama. Sina ugomvi na sherehe. Ugomvi wangu ni na tarehe 9, afisa maendeleo ya jamii anaporudi kwenye kata yake bila hata mafuta ya pikipiki, na serikali ya kijiji inapoendelea kugawa ardhi kana kwamba wanawake wa pale ni wapangaji.

Ndugu zangu, tumejizoesha kudhani kwamba haki ya mwanamke hutoka Dodoma. Tukiona mjane anaonewa tunapaza sauti: sheria zibadilishwe! Sheria ipi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatamka bila kigugumizi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Imepita robo karne. Na bado wako wajane wanaoondolewa shambani kabla matanga hayajaanuliwa. Anayewaondoa si Bunge. Ni shemeji, na mara nyingi kiongozi wa kitongoji yupo pale pale anatazama.

Hati ya hakimiliki ya kimila haisainiwi na waziri. Husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji pamoja na mwenye ardhi, ndipo ikaenda kwa afisa ardhi wa wilaya kugongwa muhuri na kuandikishwa. Maana yake ni kwamba ziko dakika chache, mezani kwa mtendaji, ambapo hatima ya mwanamke huamuliwa kwa kalamu. Mzee anasogeza kitambulisho chake. Mtendaji anaandika jina moja. Mke amekaa kwenye benchi la nje, amempakata mjukuu, na shamba linaloandikwa humo ndani ndilo analolipalilia tangu alipoolewa. Hakuna aliyemwita. Mtendaji anayejua kazi yake angeuliza swali moja tu: "Mzee, na mama naye tumwandike?" Swali hilo halina fungu kwenye bajeti, halitaki semina wala posho. Naamini wazee wengi wakiulizwa mbele ya watu watakubali. Shida ni kwamba hawaulizwi. Basi Halmashauri ya Kijiji ikae, ipitishe kwamba fomu ya mwenye ndoa haipokelewi mpaka mwenzi wake aitwe ndani na kusikilizwa. Nani atawazuia?

Ukija kwenye usuluhishi, mambo ni yale yale. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na kisheria watatu wawe wanawake. Wako, kwa majina. Lakini pengine siku ya shauri mmoja haarifiwi, wa pili anaambiwa achemshe chai ya wajumbe, na wa tatu anaketi karibu na mlango akisubiri kuulizwa, haulizwi. Sheria inahesabu viti, heshima ya wanaovikalia iko mikononi mwa mwenyekiti wa baraza.

Nitajibiwa kwamba wanawake wenyewe hawaji mikutanoni. Ni kweli, hawaji. Mkutano mkuu wa kijiji ni mali ya kila mkazi aliyefikisha miaka 18, ila unaitishwa saa nne asubuhi, siku ya gulio, kwa tangazo lililobandikwa jana yake kwenye mti ulio jirani na kilabu cha pombe. Saa hiyo mama yuko kisimani, yuko sokoni, au yuko zahanati na mtoto mgongoni. Kisha muhtasari unaandikwa kwamba wananchi wameafiki! Mwenyekiti aliye mwungwana angewauliza akina mama saa ipi inawafaa, na angeamuru daftari la mahudhurio lionyeshe wangapi walikuwa wanawake.

Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, wanawake waliopata uenyekiti wa kijiji hawakufika hata 3 katika kila 100. Nchi ina Rais mwanamke tangu mwaka 2021, na ni jambo la fahari, lakini mwanamke wa kijijini hakutani na Rais. Hukutana na mwenyekiti. Viti maalum vya udiwani navyo vimesaidia, sikatai. Hata hivyo diwani wa viti maalum hana kata yake, na Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani wa kata. Vyama vikikigeuza kiti maalum kuwa mahali pa kumpumzishia mwanamke badala ya kumwandalia kugombea kata, vinamdhulumu kwa adabu.

Fedha nazo zipo. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Mwaka 2023 Serikali ilibidi isitishe utoaji wake baada ya hesabu kukaguliwa na vikundi hewa kuonekana. Mikopo ilirejea mwaka 2024. Nawaomba madiwani wasirudie mchezo ule. Orodha ya vikundi vilivyokopeshwa ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, kila jina na kiasi chake, maana kikundi hewa hakina jirani wa kukitetea.

Na soko, jamani! Alfajiri mkusanya ushuru amekwisha fika na mashine yake, muuza mchicha anakatiwa risiti kabla hajauza fungu la kwanza. Choo cha soko hilo hakina komeo wala taa. Halmashauri inayochukua fedha ya mwanamke asubuhi haiwezi kumwambia mchana kuwa bajeti ya komeo haipo.

Wewe unayesoma, mama au baba, mkutano mkuu wa kijiji chako unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Usikose ujao. Mwenyekiti akifika kwenye mengineyo, simama umwombe asome majina ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi, nawe uhesabu wanawake. Wakipungua watatu, baraza hilo halikuundwa kisheria, na atoe majibu pale pale kabla mkutano haujafungwa.