Ndoa Iliyokosa Karatasi



Siku ya khitma ya mzee wetu mmoja, baada ya fatiha na kahawa, palizuka mazungumzo ya shamba la urithi. Mmoja wetu akauliza, "Cheti cha ndoa cha mamake babu ki wapi?" Kikatafutwa sandukuni, kisionekane. Watu wakanyamaza, na kimya kile kilituuma. Swali la karatasi lilikuwa limegeuka swali la heshima ya bibi aliyekwisha tangulia mbele ya haki.

Tukumbushane msingi. Nikahi husimama kwa mume na mke wanaofaa kuoana, walii, mashahidi wawili, na ijabu na kabuli. Kuandika si nguzo. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu ilikuwako tangu 1906, lakini si kila ndoa iliyofungwa msikitini au nyumbani ilifika daftarini. Kukosekana kwa cheti, basi, si dalili ya kukosekana kwa ndoa.

Hata hivyo tulianza kutafuta, na tulijifunza mambo matatu.

Kwanza, jina. Mwanamke wa Kiislamu habadili jina la babake kwa kuolewa. Tulikuwa tukimtafuta kwa jina la mumewe, au kwa lile la "Mama Fulani" alilozoeleka nalo, ilhali daftarini ni binti wa babake.

Pili, tarehe. Mwaka 1340 Hijria ulianza Septemba 1921 ukaisha Agosti 1922. Atafutaye katika mwaka mmoja tu wa Miladi huenda akapitwa. Tena siku yetu huanza magharibi: harusi ya usiku wa kuamkia Ijumaa, karani mwingine huiandika Alhamisi.

Tatu, ndoa huacha alama penginepo: katika hati za mirathi kwa kadhi, katika wakfu, na katika madai ya ardhi ya pwani yaliyosikizwa chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908.

Cheti hatukukipata. Tulichopata ni hati ya mirathi ya mumewe, kwa herufi za Kiarabu, iliyokuwa imekunjwa ndani ya msahafu mkuukuu kwa shangazi yetu. Humo bibi ametajwa kwa jina lake na la babake, na amepewa thumuni, fungu la mke ambaye mumewe ameacha watoto. Asiye mke hapewi thumuni. Tulipoisoma hati ile mbele ya jamaa, aliyeuliza siku ya khitma ndiye wa kwanza kumwombea marehemu rehema, akatutaka radhi.

Nasi tuliobaki tusiwaachie wajukuu mashaka haya. Sheria ya Ndoa ya 2014 imetaka ndoa za Kiislamu nazo ziandikishwe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Baqara tuandike madeni, na mahari iliyoakhirishwa ni deni. Kina mama, ulizeni vyeti vyenu viko wapi. Andikeni pembeni majina ya walii na mashahidi, na tarehe zote mbili. Na nyanya zenu waulizeni leo, wangali wanakumbuka ni nani aliyewaoza.

Wabillahi tawfiq.