Kulala na Kula Nako ni Somo

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufunga, mabasi yaliyosheheni wanafunzi huonekana katika barabara kuu ya kuelekea Mombasa. Walimu wa historia huwapeleka vijana wao wakaione Ngome ya Yesu, nao walimu wa Kiswahili huwapeleka wakaisikie lugha katika vinywa vya wenyewe. Nia ni njema na gharama si haba. Hata hivyo, baada ya kuandamana na misafara kama hiyo kwa miaka mingi, nimesadiki kwamba wengi wa vijana hao hurejea makwao bila ya kuuzuru mji wa Mombasa, ingawa wamelala siku mbili karibu nao.

Kosa aghalabu si la Ngome wala la waongozaji wa wageni. Kosa ni letu sisi walimu. Huyapanga masomo ya ziara kwa makini, kisha suala la malazi na maakuli tukaliacha hadi dakika ya mwisho, kana kwamba ni jambo la mhasibu peke yake. Rai yangu katika makala haya ni kwamba mahali pa kulala na mahali pa kula ni sehemu ya somo lenyewe, na kwamba mwalimu hana budi kupachagua kwa uangalifu ule ule anaoutumia kuchagua kitabu cha kiada.

Nayasema haya nikiwa mkosaji wa kwanza. Katika ziara yangu ya awali nilimwachia wakala mmoja wa usafiri kila kitu. Akatutafutia hoteli ufuoni, kaskazini mwa mji, ng'ambo ya daraja la Nyali. Picha zake zilipendeza mno na bei tuliyopewa ilikuwa nafuu. Asubuhi ya siku tuliyoitegemea, chakula kilichelewa, kisha basi letu likakwama katika msongamano wa magari kabla ya kuvuka kuingia kisiwani. Tulifika Ngomeni jua likiwa la utosi. Wanafunzi walizunguka kuta zile wakitafuta kivuli, si maarifa. Mji wa Kale tuliupitia mbiombio, kwa kuwa chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha kulipiwa kule kule hotelini, nasi tulitakiwa kurudi. Tuliporejea shuleni niliwaagiza waandike insha kuhusu Mombasa. Zaidi ya nusu yao waliandika juu ya kidimbwi cha kuogelea na vibanzi. Sikuwa na haki ya kuwalaumu, kwa sababu waliandika juu ya kile nilichowapeleka kukiona.

Tuipige hesabu pamoja. Shule ya bara inayokwenda Mombasa kwa siku tatu hutumia siku ya kwanza njiani, maana kutoka Nairobi pekee ni takriban kilomita 480, na siku ya tatu kurudi. Inayosalia ni siku moja tu kamili. Pwani yetu i karibu na ikweta, hivyo mwanga wa siku ni saa kumi na mbili au zaidi kidogo. Kati ya saa sita na saa tisa joto huwa kali hata wenyeji hujisitiri majumbani. Saa njema za kutembea ni za asubuhi na mapema, na za jioni jua linapopunga. Saa hizo ndizo hoteli iliyo mbali inazokupokonya, maana asubuhi u njiani ukija na jioni u njiani ukirudi. Unabakiwa na mchana wa jua kali. Basi kigezo cha kwanza cha kuchagua malazi katika ziara fupi si idadi ya nyota zilizochorwa langoni, bali ni dakika ngapi kwa miguu kutoka kitandani hadi pale ulipokusudia kwenda.

Wanaosafiri kwa gari moshi nao wajihadhari. Tangu reli mpya ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, kituo cha mwisho ni Miritini, bara ya Mombasa, wala si kisiwani kama ilivyokuwa katika reli ya zamani. Asiyelijua hilo huenda akalala mbali akidhani yu mjini.

Ziara yangu iliyofuata niliipanga kwa namna nyingine. Tulipanga vyumba kisiwani, katika nyumba ya wageni isiyo na kidimbwi wala bustani, mwendo mfupi wa miguu kutoka Mji wa Kale. Kulipopambazuka tulitoka kwa makundi madogo madogo tukaifuata Ndia Kuu, milango ya nakshi ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine. Mwanafunzi mmoja akasimama mbele ya kibao cha barabara akauliza kwa nini wameandika "ndia" badala ya "njia". Sikumjibu. Nilimwambia angoje.

Jibu alilipata mezani. Tuliingia mkahawa mdogo kunywa chai kwa mahamri na mbaazi za nazi. Mama mwenye mkahawa alitukaribisha akisema, "Ndooni, wanangu." Baadaye, mchana, tulirudi kula wali, akauliza, "Mwataka mtuzi wa samaki?" Vijana wakatazamana. Mmoja akamwuliza kwa adabu, "Mama, mtuzi ni nini?" Mama akacheka, akaelekeza upawa kwenye sufuria ya mchuzi. Yule kijana wa asubuhi akaruka: njia ni ndia, njooni ni ndooni, mchuzi ni mtuzi, basi mchele lazima uwe mtele! Nilikuwa nimeyafundisha mabadiliko hayo ya sauti katika lahaja ya Kimvita kwa wiki mbili ubaoni, na wao wakayakariri bila ya kuyaamini. Mama yule aliwafundisha kwa upawa mmoja.

Na historia je? Hiyo nayo imo sahanini. Jioni tulikula viazi vya karai, mishkaki, na muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu. Niliwauliza vijana muhogo ule na pilipili ile asili yake ni wapi. Wengi walisema ni hapa hapa kwetu. La, asili yake ni bara la Amerika, na vyote viwili vilienea katika pwani za Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini. Mnazi asili yake ni Asia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Neno biriani lina asili ya Kiajemi, chapati ni la Kihindi, halua ni la Kiarabu, na hiyo meza waliyoiegemea jina lake ni la Kireno. Asubuhi walikuwa wamesomewa kwamba Wareno waliianza Ngome mwaka 1593, kwamba Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696, na kwamba chini ya Waingereza iligeuzwa kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Tarehe hizo zilikuwa namba tupu hadi walipoziona zimeandaliwa mbele yao.

Hapo ndipo nilipokiona kigezo cha pili. Lugha yetu hutumia neno moja, hoteli, kwa mahali pa kulala na mahali pa kula, nasi hudhani kwamba lazima yawe mahali pamoja. Si lazima. Wakala akuuziapo malazi pamoja na milo yote mitatu, huwa pia amekufungia mlango wa mji. Kwa ziara fupi, lipia kitanda, na ikibidi chai ya asubuhi, kisha uende ukale mjini wanakokula wenyeji.

Kigezo cha tatu ni haki. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Nyumba za namna hiyo hazijitengenezi zenyewe. Zikikosa kipato huporomoka au huuzwa na kuvunjwa. Tukija kuzipiga picha bure kisha tukaenda kuzitumia fedha zetu kilomita ishirini mbali, tumewaachia wenyeji nini isipokuwa vumbi la basi? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akutazame ukipita.

Najua yapo mapingamizi, nayo si ya kupuuzwa. Mzazi atauliza usalama wa bintiye katika nyumba ya wageni isiyojulikana. Ana haki. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba mwalimu mmoja atangulie akakague kwa macho yake kabla ya senti moja kulipwa, wala asitegemee picha au maneno matamu ya simu. Aulize kama wasichana watapata ghorofa yao peke yao, na kama lango lina mlinzi usiku kucha. Atazame kama madirisha yamefungwa kwa vyuma visivyofunguka, na kama upo mlango wa pili wa kutokea pakizuka moto. Nchi hii imezika watoto wengi mno waliofungiwa mabwenini, kwa hiyo mahali pasipo na njia ya pili ya kutoka pasichaguliwe hata kama ni pa bure. Afungue mifereji aone kama maji yanatoka, maana uhaba wa maji ni tatizo la miaka mingi Mombasa, na aulize kama yaliyopo ni ya chumvi. Ahesabu vyandarua na awashe pangaboi. Mwisho, aandikiwe kwa karatasi bei hiyo inahusu nini na haihusu nini.

Mwingine atasema chakula cha mitaani kitawaharibu wanafunzi matumbo. Nami nasema hatari haitokani na mtaa bali na uchafu, na uchafu haubagui baina ya kibanda na jumba la kifahari. Chagua mahali penye wateja wengi wa papo hapo, panapopikwa chakula cha siku kikaisha siku hiyo hiyo. Kula kilichotoka motoni mbele ya macho yako. Jihadhari na barafu na maji usiyoyajua, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni. Mwenye mkahawa aarifiwe siku moja kabla kwamba wanakuja watu arubaini, maana kumvamia mtu kwa kundi kama hilo bila ya taarifa ni kumtesa yeye na kujitesa wenyewe.

La tatu ni idadi. Kweli, nyumba nyingi za Mji wa Kale ni ndogo na hazitoshi basi zima. Kama ndivyo, wagawanye wanafunzi katika nyumba mbili zinazokaribiana, kila moja na walimu wake, au uiombe shule ya bweni iliyo kisiwani ikuazime mabweni wakati wa likizo. Na kama hakuna budi kulala mbali, basi angalau milo yote ya siku ile kamili iliwe mjini, na basi liondoke alfajiri kabla ya msongamano.

Tena mwalimu aiangalie kalenda. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, na kuwatembeza vijana wakitafuna barabarani mbele ya watu waliofunga ni utovu wa adabu. Lakini jioni za mwezi huo, baada ya magharibi, mji huwa na uhai wa pekee, na anayejua kupanga atafaidi. Adhuhuri ya Ijumaa nayo ni wakati wa msikiti, si wa kuagiza pilau. Mavazi ya heshima ni ada kwa mgeni anayeingia mtaa wa watu, na picha ya mtu haipigwi kabla ya kuomba ruhusa.

Haya niliyoyasema kuhusu Mombasa yanafaa pia kwa Lamu, ambao mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, miaka kumi kabla ya Ngome ya Yesu kupata hadhi hiyo mwaka 2011. Tofauti ni kwamba vichochoro vya Lamu havipitiki kwa gari, na kwa hiyo anayelala ndani ya mji hulazimika kutembea, kuamkia na kuamkiwa. Nadhani ndiyo sababu wanafunzi niliowapeleka huko walirudi na maswali mengi kuliko picha.

Kwenu wanafunzi, nawaomba msiwadai walimu wenu vidimbwi. Maji ya kuogelea mtayapata kwingine, lakini asubuhi ya Ndia Kuu hamtaipata popote pengine. Ingieni mkahawani na daftari mfukoni, mwamkie mwenye kuwaandalia, na mkisikia neno msilolijua, ulizeni. Kwenu wakuu wa shule, msiridhike na bei ya chini kabisa iliyoletwa mezani, kabla ya kuuliza bei hiyo inawanyima vijana nini.

Nami kila nikiipanga ziara siku hizi, huanza na swali moja kabla ya kuuliza bei: tutakunywa chai ya asubuhi kwa nani? Nikishapata jibu lake, mambo mengine yote hupata mahali pake.