NESI WENU, SEHEMU YA 4: PINI NA GUNDI SIO MSHONO!

1. Mama mwenzangu, leo tugombane kidogo. Kliniki kila wiki napokea watoto wenye nguo zilizobanwa na pini. Bega limechanika, pini. Zipu imeharibika, pini. Ukiuliza unajibiwa, "Sista, mimi kushona sijui." Jamani, mtoto hahitaji mshono mzuri. Anahitaji mshono unaoshika. Basi!

2. Pini hufunguka. Mtoto anabebwa mgongoni, anajinyonganyonga, pini inaachia na ncha inaingia kwenye ngozi. Ikidondoka, inaenda mdomoni, maana mtoto wa miezi 8 kila anachookota anakionja. Pini iliyo wazi ikimezwa, hapo ni hospitali mara moja. Usimtapishe.

3. Wengine mmehamia kwenye supa gluu. Hii ndiyo inanitia hasira zaidi, maana kuna watu wanaisifia kama ujanja. Gundi ile ikigusa kitambaa cha pamba inatoa joto kali, inaweza kumuunguza mtu. Tena ikikauka inakuwa ngumu kama ukucha, inamkwaruza mtoto siku nzima. Gundi ya viatu ibaki kwenye viatu.

4. Halafu kuna hili la aibu. Mama anaruka tarehe ya kliniki kwa sababu nguo ya mtoto imechanika na anaogopa kuchekwa kwenye benchi. Chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 haisubiri nguo mpya! Na wewe unayecheka kiraka cha mwenzio, jua kwamba kesho mwenzio hatakuja. Surua ikiingia mtaani haitachagua aliyevaa vizuri.

5. "Si ninunue mtumba mwingine tu?" Nunua, lakini nao utachanika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la leo linazibwa kwa mishono sita. Ukiliacha lifuliwe mara tatu, nguo nzima imekuwa tambara.

6. Haya, shika sindano. NGUO ILIYOFUMUKA KWENYE MSHONO: ifue, ianike, igeuze ndani nje. Tunga uzi, ukunje uwe mara mbili, piga fundo. Anza sentimita 2 kabla ya palipofumuka. Choma, toka mbele umbali wa punje ya mchele, rudi nyuma nusu ya hapo, choma tena. Huko kurudi nyuma ndiko kunakoshika. Pita sentimita 2 baada ya tundu, malizia kwa mishono mitatu mahali pamoja. Umepinda? Upo ndani, nani ataona?

7. TUNDU LA GOTI AU KIWIKO: hapo usivute kingo zikutane, nguo itajikunja na kumbana mtoto. Tia kiraka. Chukua kipande cha kanga au kitenge kilichochakaa, maana kimeshafuliwa sana na hakitarudi tena. Kata kikubwa kuliko tundu, sentimita 2 kila upande, kunja kingo zake kwa ndani. Kishike kwanza kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda. Kisha shona taratibu kuzunguka ukingo, ndipo ufumue bandi. Rangi haifanani? Sawa tu. Kiwe ua jekundu kwenye goti la bluu, mtoto mwenyewe atafurahi.

8. SASA YA KINESI, usiruke hapa. Geuza nguo na soksi, kata kila uzi unaoning'inia ndani. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto mchanga unaweza kukata damu. Analia na hatulii? Mvue soksi, tazama vidole kimoja kimoja. Kimevimba na kuwa chekundu au cheusi, na uzi hautoki kirahisi, kimbia hospitali. Kifungo ulichoshona kivute kwa nguvu, kikiachia kitoe kabisa. Na sindano ihesabu: ilitoka moja kwenye kopo, irudi moja kwenye kopo. Usiichomeke kwenye godoro wala pazia, ndiko anakolala na kuchezea mtoto.

9. Baba unayesoma kwa kuchungulia, nawe una vidole. Kama unaweza kufunga kamba za viatu, fundo la uzi halikushindi. Mtoto ni wa wote wawili, usisubiri mama arudi sokoni ndiyo ashone.

10. Leo usiku, mtoto akishalala, chukua nguo MOJA tu. Toa pini, tia mishono sita. Kesho mlete kliniki na kiraka chake. Kwenye benchi langu atakayecheka nitamkabidhi sindano na uzi, aanze na nguo ya mwanawe.

Mtumie mama mwenzio mwenye pini kwenye nguo za mtoto. Sehemu ya 5 ni neti iliyotoboka, na zenu nazijua!